Tarehe iliyokata maisha ya Olga Kaniskina vipande viwili

Agosti 15, 2009 ilikuwa Jumamosi, na mtembeaji wa kasi wa Urusi, Olga Kaniskina, hakushindana na mtu siku hiyo. Zamu yake ilikuwa kesho yake, Jumapili, pale wanawake walipotembea kilomita 20 katika Mashindano ya Riadha ya Dunia mjini Berlin. Alishinda kwa saa 1, dakika 28 na sekunde 9. Aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa sekunde 49, pengo kubwa mno katika mchezo ambao mabingwa wengi hupatikana kwa hatua chache za mwisho.

Miaka sita na nusu baadaye, Machi 24, 2016, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo yenye makao yake Lausanne, Uswisi, iliamua kwamba matokeo yote ya Kaniskina kuanzia Agosti 15, 2009 hadi Oktoba 15, 2012 yafutwe kwa kosa la dawa za kusisimua misuli. Kila alichokipata kabla ya Jumamosi ile kikabaki kuwa chake. Kila alichokipata baada yake, kwa miaka mitatu na miezi miwili, kikachukuliwa: ubingwa wa dunia wa Berlin 2009, ubingwa wa Ulaya wa Barcelona 2010, ubingwa wa dunia wa Daegu 2011 na medali ya fedha ya Olimpiki ya London 2012.

Ukitaka kuelewa ni kitu gani hasa kilikatwa hapo, lazima kwanza uujue mchezo wenyewe. Kwetu matembezi ya kasi hayana watazamaji wengi. Wakenya wanamkumbuka Grace Wanjiru aliyeleta shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi mwaka 2010, na Samuel Gathimba aliyefanya vivyo hivyo Gold Coast mwaka 2018, lakini gazeti likiwapa wawili hao robo ya ukurasa, limewapa nafasi kubwa. Si haki. Kaniskina alipotwaa dhahabu ya Olimpiki alitembea kila kilomita kwa takriban dakika nne na sekunde 20, akafanya hivyo mara 20 bila kupumzika. Vijana wengi wanaokimbia asubuhi barabarani wangeshindwa kumfuata kwa kilomita tatu.

Na yeye hakuwa akikimbia. Sheria za mchezo huu ni mbili, na zote ni ngumu. Ya kwanza inasema mguu mmoja lazima uwe umegusa ardhi wakati wote, kiasi kwamba jicho la mwanadamu lisione nafasi ambapo yote miwili imeinuka. Ya pili inasema mguu wa mbele lazima uwe umenyooka gotini tangu unapoigusa ardhi hadi mwili unapopita juu yake. Majaji husimama kandokando ya barabara na kuangalia kwa macho tu, bila kamera wala mashine. Jaji akiona dalili ya kosa, humwonyesha mwanamichezo kibao cha njano. Akiwa na hakika, huandika kadi nyekundu. Kwa miaka yote ya Kaniskina, kadi tatu kutoka kwa majaji watatu tofauti zilimtoa mtu barabarani hapo hapo, hata kama alikuwa akiongoza na mstari wa mwisho alikuwa akiuona.

Ndiyo maana watembeaji wanasukuma nyonga kwa namna ile ambayo watu huicheka. Nyonga ndiyo inayorefusha hatua wakati goti limekatazwa kupinda. Kuimudu namna hiyo kwa kasi kubwa, kwa saa nzima na nusu, huku mapafu yakiwaka, ni kazi ya miaka mingi, na waliowahi kuimudu vizuri kama Kaniskina ni wachache sana. Hili naliandika kwa makusudi na mapema, kwa sababu baada ya hukumu wapo waliosema kwamba hakuwa chochote. Alikuwa. Hakuna dawa inayomfundisha mtu kunyoosha goti.

Alizaliwa Januari 19, 1985 katika kijiji cha Napolnaya Tavla, jamhuri ya Mordovia, ndani ya Urusi, kilomita mia sita na ushee kusini-mashariki mwa Moscow. Mordovia ni nchi ya Waerzya na Wamoksha, watu wenye lugha zao zilizo mbali kabisa na Kirusi, na kijiji jirani cha Podlesnaya Tavla kinafahamika kote Urusi kwa ufundi wa kuchonga mbao. Jamhuri yenyewe Warusi wengi waliijua kwa jambo jingine: kambi za wafungwa zilizojengwa katika misitu yake tangu enzi za Stalin. Mashabiki wa soka wa Afrika huenda wakaukumbuka mji wake mkuu, Saransk, kwa sababu ndipo Tunisia ilipoifunga Panama mabao 2-1 kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2018.

Lakini kabla ya soka, Saransk ilikuwa mji wa watembeaji. Mwaka 1995 binti wa mji huo, Irina Stankina, alikuwa bingwa wa dunia wa kilomita 10 akiwa na miaka 18 tu. Baada yake kikajengeka kitu ambacho dunia ya riadha haikuwa imekiona: mji mmoja usio mkubwa, wenye majira marefu ya theluji, ukawa unatoa mabingwa wa dunia karibu kila mashindano. Aliyekiongoza alikuwa kocha Viktor Chegin. Kituo cha mazoezi kikapewa jina lake yeye mwenyewe akiwa hai na akiwa bado kazini. Kwa mtoto wa kijijini Mordovia aliyekuwa na miguu na subira, njia ya kutoka ilikuwa imechorwa, nayo ilipita katika kituo hicho. Kaniskina aliishika.

Dunia ilimjua mwaka 2006, akiwa na miaka 21, alipopata fedha katika Mashindano ya Ulaya mjini Gothenburg nyuma ya Ryta Turava wa Belarusi. Mwaka uliofuata, katika joto la Agosti la Osaka, Japani, akawa bingwa wa dunia.

Kisha ikaja Beijing. Asubuhi ya Agosti 21, 2008 mvua ilinyesha, na barabara zikawa na maji. Katika hali kama hiyo watembeaji wengi hupunguza kasi mwanzoni, maana ardhi ya utelezi humfanya mtu apoteze mdundo, na anayepoteza mdundo hujikuta akiruka bila kujua. Kaniskina alitoka mbele tangu mwanzo, akawaacha wengine wote, akatembea peke yake. Hakuwa na mtu wa kumkinga wala wa kumsukuma, na majaji walikuwa na mwili mmoja tu wa kuuchunguza pale mbele. Alifika kwa saa 1, dakika 26 na sekunde 31, rekodi mpya ya Olimpiki. Kjersti Plätzer wa Norwei alifika sekunde 36 baadaye, na Elisa Rigaudo wa Italia sekunde tano nyuma ya Plätzer.

Ule ndio ulikuwa mtindo wake daima. Hakupenda kungoja. Wapo mabingwa wanaojificha katikati ya kundi hadi kilomita mbili za mwisho ndipo wachomoke, na hakuna ubaya katika hilo, lakini Kaniskina aliuliza swali lake kilomita ya kwanza na kuwaacha wenzake walijibu hadi mwisho. Februari 2009, huko Adler karibu na Sochi, alitembea kwa saa 1, dakika 24 na sekunde 56, kasi iliyoipita rekodi rasmi ya dunia ya wakati huo. Haikuingia vitabuni kuwa rekodi ya dunia kwa kuwa mashindano hayo ya Kirusi hayakuwa na idadi ya majaji wa kimataifa inayotakiwa.

Mwaka huo huo wa 2009, Shirikisho la Riadha Duniani lilianza kutumia chombo kipya, pasipoti ya kibiolojia. Hadithi yote iliyobaki inaning'inia hapo.

Upimaji wa zamani ulitafuta dawa yenyewe ndani ya mkojo au damu. Mjanja angeweza kuitumia dawa kama EPO, inayoamrisha mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi za damu ili zibebe oksijeni zaidi, kisha akaiacha siku chache kabla ya kupimwa, na mpimaji asikute kitu. Pasipoti haitafuti dawa. Inafuata damu ya mtu mmoja kwa miezi na miaka: kiasi cha himoglobini, na idadi ya chembe changa zinazotoka kwenye uboho. Damu ya mtu mwenye afya hupanda na kushuka ndani ya mipaka yake. Mtu akijiongezea damu kwa njia yoyote, mwili hugundua kwamba unazo chembe nyekundu za kutosha na hupunguza kuzalisha chembe changa. Himoglobini ikiwa juu huku chembe changa zikiwa chini, wataalamu watatu waliokaa mbali na wasiojua jina la mwanamichezo huuliza sababu. Mara nyingi sababu huwa moja.

Kituo cha Saransk kilikuwa kimeshanuka kabla ya hapo. Majira ya joto ya 2008, wiki chache kabla ya Michezo ya Beijing, watembeaji kadhaa wa Urusi, akiwemo Vladimir Kanaykin aliyekuwa miongoni mwa wenye kasi zaidi duniani, waligundulika na EPO na kufungiwa. Kaniskina hakuwa mmoja wao. Timu ikasafiri bila waliofungiwa, Kaniskina akashinda kwa wanawake, na Valeriy Borchin, mwenzake wa Saransk, akashinda kilomita 20 za wanaume. Shangwe zikafunika maswali.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Katika mji ule kulikuwa na kocha mmoja, kituo kimoja, madaktari wale wale na msururu wa vijana wanaofungiwa mmoja baada ya mwingine hadi idadi yao ikapita 20. Mamlaka zilikuwa na taarifa hizo zote. Hata hivyo mafunzo yaliendelea, fedha ziliendelea kutolewa na jina la kocha liliendelea kubaki juu ya mlango. Nikisoma mfuatano wa tarehe hizo, hasira yangu haielekei kwanza kwa binti wa Napolnaya Tavla.

Mwaka 2011 mjini Daegu, Korea Kusini, Kaniskina alitwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya tatu mfululizo. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo katika matembezi. Liu Hong wa China alikuwa wa pili, sekunde 18 nyuma. Mwaka uliofuata London, Agosti 11, 2012, kwenye barabara ya The Mall inayoelekea kasri la kifalme, aliongoza karibu njia nzima kama kawaida yake. Safari hii kulikuwa na msichana wa miaka 20 aliyekuwa akimfukuzia, Elena Lashmanova, naye wa Saransk, naye mwanafunzi wa Chegin. Katika mita za mwisho Lashmanova alimpita. Saa ikasoma 1:25:02 kwa Lashmanova, rekodi ya dunia, na 1:25:09 kwa Kaniskina. Wa tatu alikuwa Qieyang Shenjie, msichana wa Kitibeti kutoka mkoa wa Qinghai nchini China, kwa 1:25:16.

Wanawake watatu ndani ya sekunde 14. Waliokuwa barabarani siku hiyo waliona moja ya mbio tamu zaidi katika historia ya mchezo huu. Leo wawili wa kwanza hawamo kwenye orodha.

Januari 20, 2015, wakala wa Urusi wa kupambana na dawa za kusisimua misuli ulitangaza adhabu kwa watembeaji watano wa Saransk kutokana na pasipoti zao: Borchin na Kanaykin miaka minane kila mmoja, Kaniskina, Sergey Kirdyapkin na Sergey Bakulin miaka mitatu na miezi miwili. Kwa Kaniskina adhabu hiyo ilihesabiwa kuanzia Oktoba 2012, maana yake siku ilipotangazwa sehemu kubwa ilikuwa imeshatumikiwa.

Kulikuwa na kingine ndani ya uamuzi ule, na ndicho kilichowaudhi watu wa mchezo. Wakala haukufuta matokeo ya kipindi chote. Ulichagua vipindi vifupi vifupi, kimoja mwaka 2009, kingine mwaka 2011, na kuyaacha yaliyo katikati na yaliyofuata. Berlin na Daegu zikaenda, lakini fedha ya London ikabaki kwa Kaniskina, na dhahabu ya London ya kilomita 50 ikabaki kwa Kirdyapkin. Ilikuwa kana kwamba damu ilichafuka majira ya joto ya mwaka mmoja, ikasafika yenyewe, kisha ikachafuka tena. Shirikisho la Riadha Duniani lilikata rufaa, na ndipo Lausanne ikatoa hukumu ya Machi 2016 iliyokiunganisha kipindi chote kutoka Agosti 2009 hadi Oktoba 2012. Ni mwezi huo huo wa Machi 2016 ambapo Chegin naye alifungiwa maisha. Wanafunzi walihukumiwa mwaka mzima na zaidi kabla ya mwalimu.

Sasa tuwahesabu waliokuwa nyuma yao.

Olive Loughnane wa Ayalandi alikuwa na miaka 33 na mtoto wa kike nyumbani alipomaliza wa pili Berlin. Alirudi na fedha, akaendelea kushindana, akastaafu mwaka 2013. Mwaka 2016 akaambiwa kwamba alikuwa bingwa wa dunia tangu 2009. Mwanamichezo wa nchi ndogo ambaye ni bingwa wa dunia hulipwa vingine, hudhaminiwa vingine, hualikwa kwingine. Miaka yote ambayo angeweza kula matunda ya jina hilo ilikuwa imepita akiwa mshindi wa pili. Jared Tallent wa Australia, aliyekuwa nyuma ya Kirdyapkin London, alivishwa dhahabu yake Juni 2016 mjini Melbourne, karibu miaka minne baada ya mbio. Liu Hong alipewa ubingwa wa Daegu.

Na Qieyang Shenjie? Alitoka London na shaba. Hukumu ya Kaniskina ya 2016 ikamfanya awe wa pili. Lashmanova, ambaye alikuwa ameshafungiwa miaka miwili mwaka 2014 kwa dawa nyingine, alikubali mwaka 2022 kufutiwa matokeo yake ya Februari 2012 hadi Januari 2014. Rekodi ya dunia, dhahabu ya London na ubingwa wa dunia wa Moscow 2013 vikaondoka pamoja. Qieyang akawa bingwa wa Olimpiki kwa mbio aliyoitembea miaka 10 kabla, ambayo kwa wakati tofauti imempa shaba, fedha na dhahabu. Wachina wenzake Liu Hong na Lü Xiuzhi wanajaza nafasi mbili zinazofuata. Wale watatu hawakupata kusimama pamoja jukwaani London kuusikia wimbo wao wa taifa.

Sisi huku tunaujua uchungu huo, na tunaujua kutoka pande zote mbili. Pamela Jelimo alimaliza wa nne mita 800 London 2012 akaondoka mikono mitupu, hadi Mariya Savinova wa Urusi alipovuliwa dhahabu mwaka 2017 na Mkenya huyo akapanda kwenye orodha ya medali. Asbel Kiprop alipata dhahabu ya mita 1500 ya Beijing baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kunaswa; miaka kadhaa baadaye Kiprop mwenyewe akafungiwa miaka minne kwa EPO. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda marathoni ya Olimpiki, alinaswa na EPO mwaka uliofuata. Anayedhani kisa cha Saransk ni cha Warusi tu hajasoma magazeti ya Nairobi na Eldoret.

Tofauti iliyopo nadhani ni hii. Kwetu dawa mara nyingi huingia kwa mlango wa nyuma: mfamasia mmoja, wakala mmoja, daktari bandia mmoja. Saransk dawa ilikaa ndani ya nyumba, chini ya bendera, na kijana aliyejiunga alikuta mazoea hayo yameshatandikwa. Hilo halimfutii Kaniskina kosa. Alikuwa mtu mzima mwenye miaka 24 alipotembea Berlin, na Loughnane hana sababu ya kumwonea huruma. Lakini mfumo unaowaadhibu wenye miguu na kuwachelewesha waliowaandalia sindano haujatenda haki hata pale unapozirudisha medali kwa wenyewe. Majaji tisa huangalia goti la mtembeaji njia nzima. Kocha wa mabingwa wale alikaa miaka na miaka bila jaji hata mmoja.

Kaniskina hakurudi tena barabarani kushindana kimataifa baada ya London. Watembeaji wa Saransk hawakupelekwa kwenye Mashindano ya Dunia ya 2015, na mwezi Novemba mwaka huo Urusi nzima ikasimamishwa katika riadha. Lashmanova aliendelea kutembea nyumbani. Juni 2018 mjini Cheboksary alimaliza kilomita 20 kwa saa 1, dakika 23 na sekunde 39, chini ya rekodi yoyote ya dunia ya wakati huo, na haikutambuliwa kwa kuwa shirikisho lake lilikuwa kifungoni.

Yaliyobaki kwa jina la Kaniskina ni ya kabla ya Jumamosi ile ya Agosti: fedha ya Gothenburg, ubingwa wa dunia wa Osaka na dhahabu ya Beijing. Hakuna uamuzi wowote uliowahi kuvigusa. Kanuni za kupambana na dawa zinatoa miaka 10 ya kufungua kesi, na Agosti 2018 miaka 10 ya Beijing ilitimia. Orodha ya kilomita 20 za wanawake ya Michezo ile sasa imefungwa: Kaniskina wa kwanza, Plätzer wa pili, Rigaudo wa tatu.